Chanjo ya Homa ya Mafua: Maswali Yanayoulizwa Lamu na Majibu Yake

Chanjo ya homa ya mafua ya msimu haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto nchini Kenya, kwa hivyo mkazi wa Lamu anayeihitaji huwa ameamua mwenyewe, ameitafuta mwenyewe, na mara nyingi ameilipia kutoka mfukoni mwake. Uamuzi wa namna hiyo unastahili maelezo kamili. Maswali yafuatayo ndiyo huulizwa zaidi na familia zinazoupima.

Homa ya mafua inatofautianaje na mafua ya kawaida?

Mafua ya kawaida huja polepole: pua huwasha, makamasi hutiririka, koo hukereketa, lakini mtu huendelea na shughuli zake. Homa ya mafua, inayosababishwa na virusi vya influenza, humwangusha mtu kwa ghafla. Asubuhi yuko gatini akipakia mizigo, na magharibi amejifunika shuka akitetemeka, kichwa kinamgonga, viungo vyote vinamuuma, na kikohozi kikavu hakimwachi alale. Wengi hupona ndani ya wiki moja, ingawa kikohozi na uchovu huweza kukaa wiki mbili au zaidi. Wapo wasiopona kwa wepesi huo: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 3 hadi 5 huugua vikali, na kati ya watu 290,000 na 650,000 hufa kwa matatizo ya upumuaji yanayotokana na ugonjwa huu.

Jambo moja halipaswi kusahauliwa katika ukanda wetu. Homa kali yenye kutetemeka inaweza pia kuwa malaria, na hakuna anayeweza kuyatofautisha maradhi haya mawili kwa kumtazama mgonjwa tu. Pimwa damu kwanza, hata kama nyumba nzima inakohoa.

Lamu hatuna majira ya baridi. Msimu wa homa ya mafua ni upi kwetu?

Katika nchi za baridi virusi hivi huvuma miezi michache ya mwaka kisha vikatulia. Kwetu, karibu digrii 2 tu kusini mwa ikweta, mambo si hivyo. Ufuatiliaji uliofanywa kwa miaka mingi katika hospitali za Kenya umeonyesha kwamba virusi vya influenza huzunguka nchini mwaka mzima, vikipanda na kushuka bila kufuata tarehe maalumu. Kwa hivyo anayesubiri kusikia kwamba msimu umefika anaweza kusubiri huku virusi vimekwishaingia nyumbani.

Maisha yetu nayo yanavisaidia virusi kusafiri. Boti ya kutoka Mokowe huwakalisha abiria bega kwa bega. Wakati wa Maulidi mji hujaa wageni waliotoka pembe zote za pwani. Watoto husoma chuoni, yaani madrasa, wakiwa wamebanana mkekani. Na watalii hutufikia kutoka pande zote mbili za dunia, kila upande na wakati wake wa kuugua. Aliyeambukizwa huanza kueneza virusi takriban siku moja kabla hajajihisi mgonjwa, na ndiyo sababu kumwepuka anayekohoa peke yake hakutoshi.

Chanjo yenyewe hutengenezwa upya mara mbili kwa mwaka. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani hukutana mwezi Februari kupendekeza virusi vitakavyotumika katika chanjo ya nchi za kaskazini mwa dunia, na mwezi Septemba kwa ajili ya nchi za kusini. Kwa hivyo katika duka la dawa unaweza kukuta kisanduku kilichoandikwa mwaka mmoja, ambacho kwa kawaida ni cha kusini, au miaka miwili iliyounganishwa, ambacho ni cha kaskazini. Omba ukishike kisanduku na usome. Unachotaka ni chanjo mpya kabisa kati ya zilizopo, ambayo tarehe yake ya mwisho ya kutumika haijapita.

Kwa nini nichanjwe kila mwaka, ilhali chanjo ya surua huchanjwa utotoni tu?

Kwa sababu virusi vya influenza hubadilika. Kila vinapozaliana hubadili kidogo sura ya nje ambayo kinga ya mwili huitambua, hadi kinga ya mwaka juzi ikawa haivitambui tena. Isitoshe, kinga inayotokana na chanjo hii hupungua kadiri miezi inavyopita.

Je, inakinga kweli?

Inakinga kwa sehemu, na anayekuambia kwamba inakinga kabisa hakutendei haki. Katika miaka ambayo chanjo imelingana vyema na virusi vinavyozunguka, hupunguza uwezekano wa mtu kuugua kiasi cha kuhitaji daktari kwa asilimia 40 hadi 60. Miaka mingine kiwango hushuka chini ya hapo, na kwa wazee kinga huwa dhaifu zaidi kuliko kwa vijana. Hata hivyo, aliyechanjwa kisha akaugua ana uwezekano mdogo zaidi wa kulazwa au kufa, na kwa mzee mwenye kisukari tofauti ya kuugua nyumbani na kulazwa akiwekewa oksijeni ni kubwa mno. Mwili huhitaji takriban wiki mbili kujenga kinga hiyo, kwa hivyo chanjo ya mkesha wa safari haina msaada mkubwa siku ya safari.

Jirani yangu alichanjwa kisha akaugua. Si chanjo iliyomuumiza?

Chanjo ya sindano inayotumika zaidi ina virusi vilivyouawa au vipande vyake tu, na haiwezi kumpa mtu homa ya mafua. Inachoweza kuleta ni maumivu begani palipodungwa, uchovu, maumivu ya misuli na homa ndogo, ambavyo huisha kwa siku moja au mbili. Aliyeugua vikali baada ya chanjo huenda aliambukizwa kabla kinga haijajengeka, au amepatwa na virusi vingine miongoni mwa vingi vinavyoleta kikohozi na makamasi. Madhara makubwa yapo lakini ni adimu: mzio mkali, ambao hutokea mara nyingi ndani ya dakika chache na ndio sababu unaombwa ukae kidogo baada ya sindano, na ugonjwa wa neva uitwao Guillain-Barré, unaokadiriwa kumpata mtu 1 au 2 wa ziada katika kila milioni ya waliochanjwa. Homa ya mafua yenyewe pia huweza kusababisha ugonjwa huo.

Ni nani hasa anayepaswa kuchanjwa?

Hapa ndipo uamuzi wote unapoegemea, na ningependa kila familia ilipime swali hili kwa kumtazama mtu mmoja mmoja aliye ndani ya nyumba.

Mtazame kwanza bibi au babu, hasa mwenye ugonjwa wa moyo, presha, kisukari, figo au mapafu. Hatari kwake haiishii kifuani. Utafiti uliofanywa Ontario nchini Kanada na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika siku 7 za kwanza baada ya homa ya mafua kuthibitishwa, uwezekano wa kupata shambulio la moyo ulikuwa takriban mara 6 kuliko nyakati nyingine. Mzee anayefariki kwa moyo siku ya tano ya kikohozi huhesabiwa kuwa amekufa kwa moyo, na watu wa nyumbani hawahusishi kamwe kifo hicho na ugonjwa ulioletwa na mjukuu kutoka shuleni.

Mtazame mjamzito. Mimba hubadilisha upumuaji, mzunguko wa damu na kinga, kwa hivyo homa ya mafua humwelemea zaidi. Chanjo ya sindano yaweza kutolewa katika mwezi wowote wa mimba, nayo humkinga pia mtoto atakayezaliwa, kwa kuwa kingamwili hupita kutoka kwa mama. Hilo lina uzito wa pekee, maana mtoto aliye chini ya miezi 6 hawezi kupewa chanjo hii, na kinga anayorithi tumboni ni hazina yake ya miezi hiyo. Majaribio yaliyofanywa Afrika Kusini, Mali na Nepal yameonyesha kwamba watoto wachanga wa mama waliochanjwa walipata homa ya mafua kwa uchache zaidi kuliko wenzao.

Mtazame mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, hasa chini ya miaka 2, na mtoto wa umri wowote mwenye pumu au selimundu. Mtoto aliye chini ya miaka 9 anayechanjwa kwa mara ya kwanza huhitaji dozi mbili zinazoachana kwa angalau wiki nne, na mzazi afanye hesabu ya dozi ya pili kabla ya kulipia ya kwanza.

Kisha kuna wanaoishi na virusi vya ukimwi, wanaotibiwa saratani, na wahudumu wa afya, ambao wakiugua huupeleka ugonjwa kitandani kwa mgonjwa aliye dhaifu.

Mimi ni kijana mzima na fedha ni chache. Nifanye nini?

Ukichanjwa utafaidika, lakini hatari yako ya kuugua vikali ni ndogo. Ikiwa fedha zinatosha mtu mmoja tu, maoni yangu ni kwamba mpeleke mama mjamzito au mzee mwenye maradhi ya muda mrefu kabla yako. Fedha zikiongezeka, afuate yule anayemlisha, kumwogesha na kulala naye chumba kimoja.

Je, chanjo hii ni halali? Na nikiwa nimefunga?

Virusi vya chanjo nyingi za sindano huoteshwa ndani ya mayai ya kuku. Ile chanjo ya kupulizwa puani, ambayo ni aina nyingine, hutengenezwa kwa jelatini ya nguruwe, na hiyo ndiyo iliyozua maswali miongoni mwa Waislamu katika nchi zinazoitumia kwa watoto. Mwenye wasiwasi ana haki kamili ya kuomba karatasi iliyomo kisandukuni na kusoma viungo vyote, au kusomewa.

Kuhusu saumu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1997 liliamua kwamba sindano za tiba za ngozi, misuli au mshipa hazibatilishi saumu, isipokuwa zile za kulisha mwili. Ambaye moyo wake haujatulia amwulize shekhe wake, na anaweza pia kuchanjwa baada ya futari.

Wanaokwenda Hija wanastahili kulifikiria jambo hili kwa uzito zaidi. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ni sharti la Saudi Arabia kwa mahujaji, na ile ya homa ya mafua hupendekezwa, kwa kuwa Mina na Arafa hukusanya umati mkubwa wenye wazee wengi. Ichukueni angalau wiki mbili kabla ya kuondoka.

Nani asichanjwe?

Aliyewahi kupata mzio mkali baada ya chanjo hii au kwa kiungo chake kimojawapo, na mtoto wa chini ya miezi 6. Aliyewahi kuugua Guillain-Barré azungumze na daktari kwanza. Mwenye homa kali siku hiyo angoje apone. Makamasi kidogo si kizuizi, na mzio wa mayai, ambao zamani uliwazuia wengi, sasa hauhesabiwi tena kuwa sababu ya kuikosa. Mwambie tu mhudumu.

Habasoda, tangawizi na asali havitoshi?

Vinatuliza koo, vinampa mgonjwa joto na hamu ya kunywa, na hakuna sababu ya kuviacha, ila asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Lakini haviufundishi mwili kuvitambua virusi vya influenza kabla havijaingia, na kazi hiyo ndiyo ya chanjo. Antibiotiki nazo haziui virusi. Hutumika tu pale daktari anapoona kwamba bakteria wameingia, kama katika nimonia inayofuatia. Na mtoto au kijana mwenye homa ya mafua asipewe aspirini, kwa kuwa inaweza kumletea ugonjwa hatari wa ini na ubongo.

Nitaipata wapi, na niangalie nini?

Uliza katika hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Lamu au katika hospitali na kliniki za binafsi, na upige simu kabla ya kutoka Faza, Kizingitini au Kiunga, kwa kuwa chanjo hii haiwekwi akiba kila mahali. Chanjo lazima ihifadhiwe kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, tangu kiwandani hadi begani mwako, na ikiganda huharibika vilevile kama ikipata joto. Usikubali iliyokaa mfukoni au mkobani katika boti chini ya jua. Kwa njia salama husafiri katika kisanduku baridi chenye vipande vya barafu ambavyo havikugusana nayo, na sindano hudungwa na muuguzi aliyeitoa katika friji yenye kipimajoto. Ni vyema zaidi wewe umfuate mhudumu alipo kuliko kuinunua na kuibeba.

Nikiugua licha ya kuchanjwa?

Pumzika, kunywa maji kwa wingi, tumia parasetamoli kwa kipimo sahihi, lala mbali na mtoto mchanga na mzee, na ufunike mdomo unapokohoa. Wenye hatari kubwa, yaani mjamzito, mzee na mwenye maradhi ya muda mrefu, wasisubiri: zipo dawa za kupambana na virusi, kama oseltamivir, ambazo hufaa zaidi zikianzwa ndani ya siku mbili za kwanza.

Kwa yeyote yule, kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, midomo kugeuka rangi, kukojoa kwa uchache mno, au homa iliyopungua kisha ikarudi kwa nguvu ni dalili za kwenda hospitali saa hiyohiyo. Mtoto anayepumua mbiombio huku mbavu zikibonyea, au anayekataa kunyonya, naye apelekwe bila kuchelewa. Anayekaa kisiwa cha mbali na hospitali, akiona hali ya mgonjwa inazidi mchana, apange boti mapema kabla jua halijachwa.