Kitone chekundu kwenye ramani hakikuambii moshi uko wapi

Kiangazi cha Januari hadi Machi kikifika, wakazi wa Nairobi hututumia sisi tunaofuatilia moshi kwa setilaiti picha za ramani zenye vitone vyekundu, wakiuliza kama msitu wa Aberdare unateketea. Tunashukuru kwamba mnafuatilia. Lakini kitone si picha ya moto, na tumelieleza hili mara nyingi.

Kitone huonyesha mahali setilaiti ilipokuta joto lisilo la kawaida. VIIRS, kifaa cha kupima joto kilicho kwenye setilaiti, hupima ardhi kwa vipande vya mita 375. MODIS, kifaa kilichoitangulia, kwa kilomita 1. Alama huwekwa katikati ya kipande, hata kama moto uko pembeni. Shamba la miwa likichomwa kule magharibi kabla ya mavuno, nalo hutoa kitone. Isitoshe, VIIRS hupita kwetu mwendo wa saa saba na nusu, mchana na usiku. Moto uliowaka saa tisa alasiri ukazimwa saa kumi na moja, hiyo haikuuona.

Moshi tunaufuata kwa Meteosat, setilaiti ya hali ya hewa inayotuma picha kila dakika 15. Ukizitazama kwa mfululizo, moshi ni utepe mwembamba wa kijivu unaoanzia mahali pamoja na kutanuka kule upepo unakoelekea. Wingu halina mzizi wa namna hiyo. Miezi hii upepo wa kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo moshi wa Mlima Kenya unaweza kusukumwa upande wetu.

Unaweza, nimesema. Setilaiti inatazama kutoka juu, na kwenye picha ya kawaida moshi ulio kilomita 3 juu ya paa lako hufanana na ule unaouvuta. Harufu ya moshi ya alfajiri, hewa baridi ikiwa imelala chini, mara nyingi ni ya taka zilizochomwa mtaani. Msiisingizie Aberdare.

Kuhusu sheria: kifungu cha 64 cha Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 kinakataza kuwasha moto, au kutupa kiberiti kinachowaka, katika msitu wa umma bila kibali. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi 100,000, au kifungo kisichopungua miezi 6, au vyote viwili. Anayerina asali kwa mwenge naye hajaachwa nje.

Ukiuona moshi, andika tarehe, saa, ulipokuwa umesimama, upande unakotoka na unakoelekea. Piga picha yenye kilima au mnara unaojulikana. Toa taarifa kwa kituo cha karibu cha Huduma ya Misitu Kenya. Ikiwa ni ndani ya mbuga ya taifa, kwa Huduma ya Wanyamapori. Kisha tutumie nakala. Ramani ya vitone tunayo tayari mezani. Picha uliyopiga ukiwa Ngong, yenye saa yake, ndiyo inayotuonyesha moshi umeshuka kiasi gani na upepo wa chini unaupeleka wapi.