Tanganyika haikubatizwa

Jumapili iliyopita mkungu mmoja wa ndizi ulinadiwa mara nne. Usharika ulikuwa na jubilei, watoto wa nyumbani walikuwa wamepanda kutoka Dar, na mnada wa jubilei mnaujua: mtu ananunua, anaurudisha mezani, unanadiwa upya. Mimi nimekaa chini ya turubai na wazee nikisubiri dakika zangu za "historia fupi", mara mshereheshaji akapandisha sauti: "Ndugu zangu, taifa hili lilizaliwa kanisani! Wamisionari walimsomesha Nyerere, Nyerere akatukomboa!" Vigelegele. Mkungu ukapanda bei palepale.

Nimefundisha Historia hapa Moshi hadi nikastaafu, na siku hizi nawasaidia wachungaji na maparoko kupanga makaratasi yao ya zamani kabla panya hawajayamaliza. Sentensi ile nimeisikia kwenye vipaimara, kwenye matanga, kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, na safari hii ilisemwa na kijana niliyemfundisha mwenyewe. Aliniona, akanipungia mkono. Basi na aisome hii.

Tuanze na lililo jepesi. Nyerere hakukulia shule ya misheni. Alianza Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na Mwisenge haikuwa ya misheni. Akaenda Tabora, shule ya serikali. Akaenda Makerere. Alibatizwa Desemba 1943, wakati huo ameshafika Makerere. Wakatoliki wanaingia baadaye, na kwa uzito wao wa haki: alifundisha St. Mary's Tabora, Padre Richard Walsh akamsukuma na kumsaidia hadi akafika Edinburgh, akarudi akafundisha Pugu. Hapo Pugu, mwaka 1955, ilibidi achague kati ya chaki na siasa, akaiweka chaki chini. Mkristo, tena Mkristo wa kweli, hilo halina ubishi. Lakini kutoka hapo kwenda "wamisionari ndio waliotukomboa" ni kuruka Mto Kikafu kwa mguu mmoja.

Halafu kuna watu ambao hadithi ya mshereheshaji inawafuta kabisa. African Association, chama kilichokuja kuzaa TANU, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1929. Rais wake wa kwanza alikuwa Cecil Matola, Mkristo, na nguzo yake nyingine alikuwa Kleist Sykes, Mwislamu. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, nyuma yake walikuwapo akina Abdulwahid na Ally Sykes, Dossa Aziz, na John Rupia, Mkristo aliyetoa fedha zake. Wanawake waliingizwa na Bibi Titi Mohamed, na hakuwaingiza kupitia umoja wa akina mama wa kanisani. Alipita kwenye vikundi vya ngoma vya Waswahili wa mjini. Kama taifa lilizaliwa kanisani, hawa wote walikuwa wanafanya nini pale mlangoni?

Sasa nije kwenye jambo linaloniwasha hasa. Watu wa huku kwetu husema "kanisa lilituunganisha". Lilituunganisha akina nani?

Walutheri wa Leipzig, misheni ya Kijerumani, walifika Machame mwaka 1893. Kabla yao, tangu 1885, walikuwapo Waanglikana wa CMS, misheni ya Kiingereza, kwa Mangi Rindi wa Moshi. Mwaka 1892 Wajerumani waliwashuku kwamba wanampa Mangi Meli, mwana wa Rindi, bunduki, wakalazimika kuondoka. (Nalitaja hili kwa ajili ya wale wa upande wa pili, wanaosema misheni na serikali vilikuwa kitu kimoja. Kingekuwa kitu kimoja kisingemfukuza mwenzake.) Wakatoliki, mapadre wa Roho Mtakatifu, walikuwa Kilema tayari, kisha wakaenda Kibosho, kisha Rombo. Matokeo mnayaona hadi leo ukitaja jina la mtu na kwao: Mmachame haulizwi dhehebu, ni Mlutheri; Mkibosho haulizwi dhehebu, ni Mkatoliki. Marangu na Kilema ni majirani wa kuombana chumvi, na vizazi viwili vilisumbuana juu ya posa kwa sababu binti anasali kengele nyingine.

Na lugha! Waleipzig hawakukipenda sana Kiswahili. Walikiona ni lugha ya pwani, ya biashara na ya Uislamu. Walitaka Injili iingie kwa lugha ya mama. Bruno Gutmann, aliyeishi Old Moshi miaka mingi hadi 1938, alijenga usharika wake juu ya ukoo, ujirani na rika, yaani juu ya mambo yaleyale aliyoyakuta, na akaandika sheria na desturi za Wachaga kwa kina ambacho mpaka leo sisi wenyewe tunakwenda kukopa kwake. Namheshimu kupita wazungu wote waliopanda mlima huu. Lakini kazi yake ilikuwa kumfanya Mchaga awe Mchaga zaidi. Hata huo Uchaga mmoja haukutoka sawasawa, maana Agano Jipya lilichapwa kwa Kimachame na jingine kwa Kimochi, kwa watu wanaotenganishwa na mabonde machache. Ukiwaza Tanganyika kwa kutumia vitabu hivyo viwili, huvuki hata Mto Weruweru.

Kwa hiyo msimamo wangu ndio huu, na nitausema hata wakinikata maiki: kwetu Kilimanjaro kanisa lilijenga kabila kabla ya kujenga taifa. Liliwapa watu kusoma, kuandika na kahawa ya Kilema. Kahawa ikaleta chama cha wakulima mwaka 1925, chini ya Joseph Merinyo, kisha KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa, mwaka 1933. Watu wakapata fedha, karo na kiburi cha kutosha. Mwaka 1952 tukamsimika Mangi Mkuu wa kuchaguliwa, Thomas Marealle, na tukaanza kusherehekea Siku ya Wachaga kila tarehe 10 Novemba. Siku ya Wachaga, si ya Watanganyika! TANU ilipopanda huku ilikuta watu waliosoma kuliko sehemu nyingi za nchi, na haikukuta mlango wazi. Vijana wa jubilei hawapendi kusikia hivyo.

Ukitaka mahali ambapo Ukristo na taifa vilikutana kweli, nenda upande wa Arusha, Meru. Mwaka 1896 Wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri. Wajerumani wakalipiza kwa ukatili, wakiwa na wapiganaji kutoka huku kwetu, aibu ambayo kwenye jubilei zetu haitajwi. Miaka hamsini na mitano baadaye, Novemba 1951, Wameru, wengi wao sasa ni Walutheri, waliondolewa Engare Nanyuki kwa nguvu ili walowezi wapate ranchi. Wakachangishana, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama Umoja wa Mataifa kuwasemea, akisaidiwa na wakili Earle Seaton aliyekuwa na ofisi hapa Moshi. Kirilo aliporudi alizunguka nchi akieleza. Watu waliosikia mkoani kwingine walielewa kwamba kesi ya Wameru ni kesi yao. Taifa lilikuwa linachemka hapo. Sasa, je, ni Ukristo uliowapa Wameru ujasiri ule? Uliwapa kusoma na kuandika, uliwapa Kiingereza, uliwapa hadithi ya Biblia ya Nabothi aliyeporwa shamba lake la mizabibu. Ardhi ingewapa hasira hata wangekuwa wapagani.

Na hapa lazima nikiri, maana vitabu vya kiada havikiri. Nina dhana ambayo siwezi kuithibitisha. Mwaka 1920 Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Kijerumani. Sharika zikabaki mikononi mwa walimu na wazee wa hapa hapa, mpaka Walutheri wa Marekani, wa sinodi ya Augustana, walipokuja kusaidia. Vita vya pili, ikawa hivyohivyo tena. Nimefungua madaftari ya vikao ya wakati huo: ajenda, hoja, aliyeunga mkono, kura, mweka hazina kaulizwa senti zimekwenda wapi. Nahisi watu walijifunza kujitawala pale, kwa sababu mzungu hayupo, kuliko kwenye mahubiri yoyote aliyowahi kutoa mzungu akiwapo. Ni hisia. Mwenzangu mmoja anasema wazee wetu walijua vikao tangu enzi za pombe ya mbege chini ya mti, na daftari ni karatasi tu. Sina jibu zuri la kumpa.

Kingine kinachonisumbua ni kigumu zaidi. Shule nzuri nyingi zilikuwa za makanisa, na mzazi Mwislamu alikuwa na sababu ya kuogopa kumpeleka mtoto. Kwa hiyo uhuru ulipokuja, viti vya ofisini vilikuwa vimeshapata wenyewe. Mwaka 1958 Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa baraza la wazee wa TANU, alilitamka jambo hilo, TANU ikamfukuza. Nilipokuwa darasani nilikuwa nalipita kwa sentensi moja nikisema "aliingiza udini". Leo siwezi kuisema sentensi ile kwa sauti ileile. Serikali ilitaifisha shule za makanisa kuanzia 1969, na sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza watu dini zao. Mtu haachi kuuliza swali ambalo jibu lake halimsumbui.

Ukristo upo kwenye taifa hili, lakini upo kama chumvi kwenye ng'ande (makande), huuoni kwa macho. Chukua wimbo wa taifa. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, aliutunga mwaka 1897 kama wimbo wa dini, na kiitikio chake kinamwita Roho Mtakatifu ashuke. Sisi tulichukua sauti, tukambakiza "Mungu", na Roho Mtakatifu akabaki kusini. Aliyefanya hivyo alijua anachokifanya. Chukua na yale maneno ya Nyerere ya mwaka 1959 kuhusu kuwasha mwenge juu ya Kilimanjaro, palipo na chuki ulete upendo, pasipo na tumaini ulete tumaini. Mkatoliki yeyote anasikia ile sala inayoitwa ya Mtakatifu Fransisko (ambayo Fransisko hakuiandika, ilichapwa mara ya kwanza Ufaransa mwaka 1912, lakini hilo tuliache). Kwenye sala, mtu anaomba afanywe chombo cha amani. Nyerere aliondoa ombi, akaweka mlima. Luteni Alexander Nyirenda alipoupandisha mwenge usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, hakuna aliyemuuliza anasali wapi.

Nilipewa maiki saa nane na nusu, mvua imeanza kunukia. Nilisema kifupi tu kuhusu madaftari, nikamtaja Merinyo, nikaketi. Kijana akanifuata nyuma ya turubai. "Shikamoo mwalimu. Kwani nilikosea?" Nikamwambia marahaba, tutaongea. Parokia moja ya Rombo imeniita jubilei yao mwezi wa nane. Wamenipa dakika kumi, na nimeomba ziwe kabla ya mnada.