Mfuate mama wa sokoni: nilivyojifunza Caesar III bila kitabu

Katika Caesar III, mchezo wa kompyuta wa kujenga miji ya Kirumi, mji wangu wa kwanza kufikisha watu elfu tatu haukuuawa na moto wala maadui. Uliuawa na maendeleo. Kulikuwa na mtaa mmoja niliokuwa nimeupendelea waziwazi, kila huduma nimeirundika huko, na siku moja ghorofa zake zikaanza kugeuka majumba ya kifahari, moja baada ya nyingine. Nikashangilia peke yangu chumbani. Haikupita miezi mingi ya mchezo, mashamba yakawa yamesimama, chemchemi zimekauka, na wale wale wenye majumba wanafungasha virago. Nilizima kompyuta nikiamini diski ina mikwaruzo.

Mikwaruzo ilikuwapo, kusema kweli. Nilikuwa nimeinunua diski hiyo katika kibanda kimoja cha mjini, ndani ya karatasi ya nailoni, jina la mchezo limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Kitabu cha maelezo hakikuwapo. Caesar III ilitolewa mwaka 1998 na Impressions Games, na watengenezaji hao walifunga mlango mwaka 2004, kwa hiyo kufikia wakati mimi nauliza maswali yangu, hapakuwa na wa kuulizwa. Mchezo wenyewe unakueleza nini hujenga nini. Haukuelezi jambo linatokea vipi, wala kwa kiasi gani.

Siku hizi kazi yangu hapa Nairobi ni kupima programu. Nalipwa kuviharibu vitu kwa makusudi kabla wateja hawajaviharibu kwa bahati mbaya. Tabia hiyo sikuipata chuoni, niliipata kwenye mji ule uliokufa. Mpwa wangu ameanza kucheza mchezo huu majuzi, na swali lake la kwanza ndilo lililonifanya niandike: "Anko, soko liko hapa, nyumba iko hapa, miraba minne tu. Mbona inasema haina chakula?"

Nilimweleza habari za mtu wa maziwa. Tulipoishi Umoja, alipita kila asubuhi na baiskeli. Nyumba yetu ilikuwa kwenye kijia cha tatu kuingia ndani. Akikunja kona penye kioski, sisi tulikunywa turungi siku hiyo. Kutoka kioski hadi mlangoni kwetu ungeweza kurusha jiwe likafika, ila jiwe si maziwa. Umbali haukuwa na maana yoyote. Kilichokuwa na maana ni njia aliyoamua kupita.

Ndivyo mji wa Caesar III unavyoishi. Mwanafunzi mpya anadhani soko, shule au hekalu linamwaga huduma yake pande zote kama balbu inavyomwaga mwanga. Sivyo. Jengo linamtoa mtu, mtu huyo anatembea barabarani, na nyumba anazozipita ndizo zinazohudumiwa. Asipopita, hata jengo likipakana na nyumba yako ukuta kwa ukuta, huna kitu. Kuhani, kinyozi, daktari, muuzaji wa soko, injinia anayezuia majengo yasiporomoke, prifekti anayezuia moto: wote wanafuata sheria hiyo. Kinachochanganya ni kwamba maji yanafuata sheria nyingine. Chemchemi kweli inahudumia eneo linaloizunguka, bila mtu kutembea. Basi unajifunza maji kwanza, unayaelewa upesi, halafu unalipeleka somo hilo kwenye soko, na hapo unapotea kwa miaka. Mimi nilipotea kwa miaka miwili.

Nilichofanya mwishowe ni kuacha kujenga miji. Nilifungua ramani ya kujijengea kwa uhuru, isiyo na majukumu ya Kaisari, nikaweka barabara moja iliyonyooka, jengo moja, na hema chache za kuliletea wafanyakazi. Kando ya barabara niliweka bustani kila mraba wa tano, kama mawe ya maili. Nikashusha mwendo wa mchezo hadi asilimia 10, nikamkodolea macho mtu mmoja. Mmoja tu! Mama yangu alipita nyuma yangu akauliza, "Huo nao ni mchezo?" Sikuwa na jibu zuri.

Mtu wa kawaida wa huduma hutembea karibu miraba 26, kisha safari yake inakwisha na anarudi kwao. Injinia na prifekti wana miguu mirefu zaidi, karibu miraba 43. Njiani, kila mmoja anazihudumia nyumba zilizo ndani ya miraba miwili kutoka anapokanyaga. Nyumba ya tatu kutoka barabarani haijui kama alipita. Hizo namba tatu, 26 na 43 na 2, nilizipata kwa kidole kwenye kioo na daftari la hesabu la shuleni, na zilinifaa kuliko maelezo yote ya kwenye skrini.

Makutano ya barabara ndiyo adui mkubwa. Kila penye njia panda mtembezi anaweza kukunja upande usioutaka, aende akahubiri mashambani ambako hakuna mtu. Nyumba nayo haisahau mara moja. Huduma ikishafika, kumbukumbu yake inapungua pole pole, na mtembezi akichelewa sana nyumba inashuka daraja, kisha akipita inapanda tena. Ukiona mtaa unapanda na kushuka kama lifti ya jengo kuukuu, usiongeze soko la pili. Tafuta njia panda uizibe.

Kuiziba ndiko kulikuwa kizungumkuti. Mchezo huu hauna kizuizi cha barabara. Impressions wenyewe walilitambua tatizo, maana katika Pharaoh, mchezo wao mwingine wa kujenga miji, mwaka 1999, waliweka vizuizi. Kwa Caesar III wachezaji waligundua ujanja wa lango: lile lango la ukuta, lililokusudiwa kuzuia maadui, huwarudisha pia watembezi wa huduma karibu kila mara, huku likiwaacha wenye safari maalumu wapite. Chombo cha vita kikawa askari wa trafiki.

Hapo kwenye "safari maalumu" ndipo mpwa wangu alipokwama tena, na nilimwelewa, maana nami palinipiga chenga. Soko lina wanawake wa aina mbili. Wa kwanza ni mnunuzi. Anatoka na kikapu, anakwenda moja kwa moja hadi ghalani, anarudi na wavulana wakimfuata wamebeba mizigo. Huyu anapita mbele ya nyumba mia na hampi mtu hata punje. Wa pili ni muuzaji, naye ndiye anayezurura na kugawa. Ukimtazama mnunuzi akikatiza mtaa wako kila wakati utaapa kwamba mtaa umehudumiwa. Mfuate mama wa sokoni, ndiyo, lakini hakikisha kwanza ni mama yupi.

Na ghala pia si moja. Kuna ghala la chakula na kuna bohari. Chakula kinaweza kuhifadhiwa bohari bila shida, na ghala likijaa hamali wenye mikokoteni watakipeleka huko wakiweza. Lakini mnunuzi wa soko hachukui chakula bohari kamwe. Anachukua vyungu, samani, mafuta na mvinyo huko, chakula anakichukua ghalani peke yake. Nimewahi kuwa na mabohari yaliyofurika ngano na mji unaolia njaa. Ghala hubeba mizigo 24, bohari 32, na hamali mmoja anasukuma mzigo mmoja. Akikosa pa kuupeleka anasimama na mkokoteni wake mlangoni, na kazi nyuma yake inasimama. Yeyote aliyewahi kuona mikokoteni imekwama Marikiti saa kumi na mbili asubuhi hahitaji maelezo zaidi.

Kuhusu wafanyakazi nitasema kifupi, ingawa ndilo jambo la ajabu kuliko yote. Kila jengo lenye ajira humtuma mtu wa kutafuta vibarua. Akipita karibu na nyumba yoyote yenye watu, jengo linapata ruhusa ya kuchukua wafanyakazi wa mji mzima. Sikusema wa nyumba ile. Nimesema wa mji mzima. Hema dogo la watu 5 kando ya shamba la mbali linatosha kulijaza shamba hilo vibarua wanaoishi upande wa pili wa ramani, na hakuna anayewauliza nauli. Mtu aliyewahi kutoka Kayole kwenda kazini Westlands kwa matatu mbili atacheka kidogo, halafu ataweka hema.

Sasa nirudi kwenye ule mji uliokufa. Nyumba za mchezo huu zina madaraja 20, kuanzia hema dogo hadi kasri la anasa. Hema linataka maji ili likue, kisha chakula cha sokoni, kisha hekalu, kisha maji ya chemchemi badala ya kisima, na orodha inaendelea hivyo: maigizo, vyungu, shule, hamamu. Ukibonyeza nyumba itakuambia inachokosa, na inasema kweli, isipokuwa inataja kitu kimoja tu kwa wakati. Ukikileta inataja kingine. Madaraja 12 ya kwanza ni ya watu wa kawaida. Daraja la 13 ndilo jumba la kwanza, na wakaazi wake ni mabwanyenye. Mabwanyenye hawafanyi kazi.

Hilo lilinichukua muda mrefu kuliko mengine yote, kwa sababu nilikuwa nikitazama jumla ya watu, si idadi ya wanaofanya kazi. Nyumba zilikuwa mahali pale pale, isipokuwa jana wakaazi wake walikuwa wakiendesha chemchemi na leo wanasubiri mvinyo. Kodi yao ni nono, hilo halikanushiki. Lakini mtaa mzima ukipanda kwa pamoja umefuta mamia ya vibarua kwa siku moja. Chemchemi ikikosa wafanyakazi haitoi maji, jumba likikosa maji linashuka, na wanaobaki hawatoshi kuwasha upya kilichozimika. Si kosa la programu. Ningekuwa naipima leo ningeandika kwenye ripoti: inafanya kazi kama ilivyokusudiwa, ila mtumiaji hakuambiwa.

Miaka mingi baadaye nilipata bahati ambayo wachezaji wa michezo mingine mikongwe hawaipati. Kuna mradi uitwao Julius, wa msimbo ulio wazi kwa umma, ulioiandika upya injini ya Caesar III kwa lugha ya C huku ukilinda tabia zake za awali. Unahitaji faili za mchezo halisi, lakini sheria zote unaweza kuzisoma kwa macho yako. Nilikaa na daftari langu la zamani mkononi na msimbo mbele yangu, nikijisahihisha kama mwalimu mwenye kalamu nyekundu.

Namba ya 26 ilikuwa sawa. Ya miraba miwili ilikuwa sawa. Lakini ukurasa wa saba, penye kichwa "Wanavyochagua njia", nilikuwa nimeandika neno moja kwa herufi kubwa: BAHATI. Hilo nilikosea. Jengo lina kumbukumbu ya zamu. Mtembezi wa kwanza anaelekezwa kaskazini, wa pili mashariki, wa tatu kusini, wa nne magharibi, kisha zamu inaanza upya. Programu inahesabu miraba 8 upande huo, inatafuta barabara iliyo karibu na nukta hiyo, na ikiipata inampeleka huko kabla hajaanza kuzurura. Isipoipata, anaanza kuzurura hapo hapo mlangoni.

Nilicheka peke yangu. Miaka yote hiyo nilikuwa nikibomoa soko na kulijenga mraba mmoja pembeni, mambo yakikaa sawa nikiita ni mkono wenye baraka. Kumbe kusogeza mraba mmoja kulikuwa kukibadilisha barabara inayoangukia kwenye ile nukta ya nane, na safari moja kati ya kila nne ilikuwa ikienda mahali pengine kabisa. Kinyozi wangu aliyekuwa "mvivu" hakuwa mvivu. Kulikuwa na barabara ya shamba upande wake wa magharibi.

Kwa hiyo mtaa ninaoujenga sasa, na niliomchorea mpwa wangu nyuma ya risiti, ni mzunguko wa barabara usio na njia panda, urefu wake hauzidi miraba 26, nyumba zikiupakana ndani na nje. Mlango wa kutokea ni mmoja, nao una lango. Soko, hekalu na shule ziko kwenye mzunguko wenyewe, soko nikilipeleka kona ya mbali, maana kila nyumba inalitaka soko na hakuna inayotaka kulitazama dirishani. Maghala na mabohari yako nje ya lango, ambako mikokoteni inaweza kugombana bila kushusha hadhi ya mtaa. Majumba ya mabwanyenye nayajenga mwisho kabisa, katika mzunguko wao, na kabla ya kuwapa mvinyo nahesabu vibarua nilionao bila wao. Asiyetaka shida ya malango kuna Augustus, mradi uliochipuka kutoka Julius na kuongeza vizuizi vya barabara, ingawa mimi bado naona ni kama kupewa majibu pamoja na mtihani.

Mpwa wangu hakujenga ule mtaa. Nilipopitia kwao Jumapili, alikuwa na ramani tupu, barabara moja, soko moja na bustani kila mraba wa tano, mwendo asilimia 10. Kidole chake kilikuwa juu ya kioo.

"Subiri, Anko, usinisemeshe. Ishirini na tatu, ishirini na nne..."