Eti "mwanaume akiamua anaacha tu": baba anayeacha unga au pombe, na mwili wake

Hii kauli ya "kaza roho, we si mwanaume?" inaniuma sana, sababu wanaoisema wengi hawajawahi kukesha na mtu mwenye arosto, yaani yale mateso ya mwili ukikosa dawa uliyoizoea. Heroini, ndo huo unga, ikikatika, baada ya saa 6 hadi 12 hivi anaanza miayo, machozi, makamasi, afu tumbo linakata, mifupa inauma, halali, siku ya 2 na ya 3 ndo mbaya kabisa. Huo ni mwili unadai, sio roho ndogo.

Pombe nayo watu wanaichukulia poa, wanamfungia baba wa watu chumbani "imtoke". Jamani msifanye hivyo! Aliyekunywa kila siku miaka na miaka akikata ghafla anaweza kupata degedege, kuona vitu ambavyo havipo, hata kufa. Hospitali kwanza.

Nyingine: "methadoni", ile dawa ya kunywa wanayopewa kliniki wanaoacha heroini, "ni unga wa serikali". Sio kweli. Muhimbili walianza kuitoa 2011, mtu anakunywa dozi moja kwa siku mbele ya mhudumu, inamshikilia siku nzima bila kumpandisha na kumshusha, so baba anapitia kliniki asubuhi, anaenda kibaruani, jioni anarudi na hela ya mboga.

Sasa hapa nikae kidogo. Wanasema mazoezi ya kupumua na kunyoosha viungo ni mambo ya kina mama au wazungu. Muulize mwanaume unajisikiaje, atakwambia poa tu. Muulize ni wapi pamekaza, hapo atakuonyesha shingo, kifua, tumbo, mdomo unafunguka wenyewe. Na pumzi sio uchawi: ukivuta hewa moyo unaongeza kasi kidogo, ukitoa unapunguza, ndo maana hamu ikipanda anakaa chini, nyayo zikanyage sakafu, anavuta kwa hesabu ya 4 na kutoa kwa 6 au 8, anarudia mpaka wimbi lishuke. Mpira wa jioni na kuogelea navyo vinasaidia, usingizi unarudi.

Ila wapo wanaovuka mpaka wanasema tizi inatosha, dawa za nini. Hapana, pumzi haichukui nafasi ya methadoni wala ushauri nasaha. Hata vile visindano vya sikioni vya tiba ya Kichina (akyupancha), ambavyo kwa waraibu vilianzia hospitali ya Lincoln kule Bronx, New York, miaka ya 1970, utafiti haujathibitisha kwamba peke yake vinamwachisha mtu.

"Asimguse mtoto mpaka apone kabisa." Akiwa amelewa kweli asiachiwe mtoto, hilo halina mjadala. Lakini siku yuko safi mpeni ambebe, amwogeshe, amlaze kifuani. Kuna utafiti wa 2009 hapa hapa Tanzania, akina baba wa Kihadza, ambao wanashinda na watoto wao, homoni yao ya kiume ilikuwa chini kuliko wanaume wa Kihadza wasio na watoto, ila kwa Wadatoga, ambako baba anakaa mbali na kichanga, tofauti hiyo haikuonekana. Inaelekea malezi yanaingia mpaka kwenye damu ya baba.

Na akitoka soba hausi, yaani nyumba wanayokaa wanaoacha ulevi, msidhani mwili umekuwa sugu. Mwili umeshasahau unga, kiasi alichokuwa anatumia zamani sasa inaweza kumuua. Mkimkuta haamki, anakoroma vibaya, midomo imebadilika rangi, mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali, ugomvi wa nyumbani utasubiri.