Usukani Mzito Si Usukani Unaosema: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Magari ya Kasi

Shika usukani kwa vidole, usiukamate kwa ngumi, kisha uingie kona ndefu yenye lami iliyolowa. Mwanzoni usukani unaongezeka uzito taratibu, kadiri gari linavyoegemea matairi ya mbele. Ongeza mwendo kidogo. Uzito ule unafika kilele, halafu, gari likiwa bado limeshika barabara, usukani unalegea mkononi. Ni mlegeo mdogo, na aliyeshika kwa nguvu hausikii. Ni matairi ya mbele yanakuarifu kwamba akiba yao ya mshiko inakaribia kwisha.

Sababu iko chini kabisa, pale mpira unapogusa lami. Tairi linapokata kona, mpira ulio upande wa nyuma wa mguso ule ndio unaopindika zaidi, kwa hiyo nguvu ya pembeni haikai katikati ya mguso, inakaa nyuma kidogo. Umbali huo mdogo ndio unaolivuta tairi lirudi kunyooka, na mvuto huo ndio mikono inaouhisi. Mshiko unapokaribia kikomo, mpira wa nyuma ndio unaotangulia kuteleza. Nguvu inasogea mbele na mvuto unapungua, tena unapungua kabla mshiko wenyewe haujafika mwisho. Dereva anapewa onyo mapema.

Nimeanza na jambo hili kwa sababu ubishi mwingi kuhusu usukani wa magari ya kisasa unapotea njia hapa. Watu wanabishania uzito, usukani unaosaidiwa na mota ya umeme na ule wa haidroli, yaani unaosaidiwa na mafuta yanayosukumwa na pampu, ukubwa wa rimu, na swali lenyewe linabaki pembeni: je, kinachotokea kwenye lami kinafika mikononi mwa dereva, au kinaishia njiani? Hiyo ndiyo hisia ya usukani.

"Usukani mzito ndio wenye hisia"

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote, na watengenezaji wenyewe wameilea. Ukibonyeza kitufe cha Spoti, mara nyingi kinachobadilika kwenye usukani ni kwamba mota inapunguza msaada nawe unatumia nguvu zaidi. Uzito huo ulioongezwa unakuwa uleule lami ikiwa kavu au imelowa, matairi yakiwa yameng'ang'ania au yanakaribia kuachia. Haukuambii chochote. Habari imo katika kupanda na kushuka kwa uzito, na ukiurundika uzito wa bandia juu yake, ule mlegeo mdogo nilioueleza unafunikwa.

Lotus Elise ya kwanza, iliyotoka 1996, haikuwa na usukani wa pawa kabisa. Gari lenyewe lilikuwa na uzito wa kilo 700 na kidogo, injini iko nyuma ya dereva, kwa hiyo matairi ya mbele yalibeba mzigo mdogo. Likishaanza kutembea, usukani wake ni mwepesi, na hadi leo wapenzi wa magari wanautaja kama kipimo cha hisia nzuri. Gari likiniruhusu kuchagua kila kitu peke yake, mimi huweka injini na gia kwenye Spoti na usukani nauacha kwenye hali ya kawaida.

"Umeme ndio ulioua hisia"

Hapa kuna ukweli nusu, na ndiyo maana dhana hii ni ngumu kuing'oa.

Usukani wa pawa wa haidroli ulianza kuuzwa kwenye magari ya abiria mwaka 1951, katika Chrysler Imperial. Wa umeme ulikuja 1988 kwenye gari dogo la Japani, Suzuki Cervo, na mwaka 1990 Honda NSX ya gia otomatiki ilikuwa nao tayari. Baadaye karibu kila mtengenezaji akahamia huko, kwa sababu za wazi. Pampu ya haidroli inazungushwa na injini muda wote, hata gari likienda moja kwa moja, na mzigo huo unalipiwa kwa mafuta. Mota inakula umeme pale tu inapohitajika. Zaidi ya hapo, gari linalojiegesha lenyewe au linalojirudisha kwenye mstari wake linahitaji mota inayoweza kuzungusha usukani kwa amri ya kompyuta.

Ndani ya mifumo yote miwili mna ufito mwembamba wa chuma unaojisokota kidogo dereva anapozungusha usukani. Katika haidroli, msokoto huo unafungua vali na mafuta yanasukuma reki, ile fito yenye meno inayogeuza matairi. Katika umeme, sensa inaupima msokoto, na kompyuta inaamua mota isukume kiasi gani. Ugumu wa umeme uko kwenye mota yenyewe. Inazunguka mara nyingi kwa kila mzunguko mmoja wa usukani, hivyo uzito wa rota yake, sehemu ya ndani inayozunguka, ingawa mdogo, unaonekana mkubwa mno ukitazamwa kutoka upande wa tairi. Mtetemo mdogo unaopanda kutoka kwenye lami unakuta mlango umefungwa. Wahandisi wanalazimika kuandika programu ya kufidia uzito huo na msuguano wa gia zake, na programu za miaka ya mwanzo nyingi zilikuwa duni. Mahali mota ilipofungwa nako kuna athari. Ikiwa juu kwenye nguzo ya usukani, nguvu yake yote inapita kwenye nguzo na jointi zake. Ikiwa chini kwenye reki, iko karibu na kazi.

Lakini tazama kilichotokea Porsche. Mwaka 2011 walionyesha 911 ya kizazi cha 991, wakiwa wameacha haidroli, na malalamiko yalikuwa mengi. Mwaka 2013 wakatoa GT3 ya kizazi hichohicho, usukani wa umeme vilevile, na 2015 wakatoa Cayman GT4. Magari hayo mawili yalisifiwa kwa usukani. Ferrari walikaa na haidroli hadi 2017, 812 Superfast ilipokuja na umeme. McLaren walishikilia haidroli, ila pampu yao inaendeshwa na umeme. Ninavyosoma mimi, haidroli inarahisisha kazi ya mhandisi, na umeme unadai kazi zaidi ili ufike palepale. Na wanaoililia haidroli wamesahau ni magari mangapi ya zamani yaliyokuwa na pawa laini kiasi kwamba hujui matairi yanaelekea wapi.

Mimi mwenyewe niliwahi kuilaumu mota kwa miezi. Gari langu, la usukani wa umeme, lilikuwa likitoka kwenye kona usukani unabaki umepinda kidogo kana kwamba umekwama kwenye asali, mpaka niurudishe kwa mkono. Niliamini ni programu. Fundi alifungua boneti, akaweka kiganja juu ya springi ya mbele kulia, akaniambia nizungushe usukani polepole. Springi ilikaa tuli, ikajikunja, halafu ikaruka kwa kishindo kidogo: tak. Beringi ya juu ya shokapu ilikuwa imekauka, imejaa kutu na mchanga. Beringi mpya ziliwekwa pande zote mbili, na siku hiyohiyo usukani ukawa unarudi wenyewe katikati. Mota haikuguswa. Msuguano popote njiani, iwe kwenye beringi, boljointi, tairodi au jointi ya nguzo ya usukani, unameza habari kabla haijafika kwako, na hakuna kompyuta inayoweza kuirudisha.

"Weka rimu kubwa na matairi mapana, utaisikia barabara"

Utaisikia, ndiyo, ila kwa namna isiyokusaidia. Kwa upepo uleule na mzigo uleule, eneo la mpira linalogusa lami halibadiliki sana, linabadilika umbo: tairi jembamba lina mguso mrefu, tairi pana lina mguso mfupi na mpana. Kumbuka ule umbali mdogo unaozaa mvuto wa usukani. Mguso ukifupika, umbali huo nao unafupika, na onyo la kwamba mshiko unakwisha linakuwa dogo. Badala yake unapata usukani unaofuata kila mfereji wa lami, ukikuvuta kushoto na kulia. Dereva anaichukulia hiyo kuwa hisia, kumbe ni kelele.

Ukuta mfupi wa tairi, unaokuja na rimu kubwa, unafanya gari lijibu upesi unapozungusha usukani, hilo silikatai. Lakini matairi mengi ya namna hiyo yanang'ang'ania sana kisha yanaachia ghafla, na mshiko wake ni mkubwa kiasi kwamba kwenye barabara ya kawaida hutafika karibu na kikomo bila kuhatarisha maisha. Toyota walielewa jambo hili walipotoa GT86 mwaka 2012. Gari la kuendeshwa kwa furaha walilivika matairi ya upana wa milimita 215, ya aina ya Michelin Primacy iliyotumika pia kwenye baadhi ya magari ya Prius, gari la kuokoa mafuta. Wengi walishangaa. Matokeo yake ni gari linalozungumza na dereva kwa mwendo wa kawaida, wala halisubiri mwendo wa wazimu.

Kabla ya kununua chochote, pima upepo matairi yakiwa yamepoa. Upepo ukipungua mbele, usukani unakuwa mzito na mvivu. Ukizidi, mguso unafupika na usukani unakuwa mwepesi usio na la kusema. Kipimo hakigharimu kitu, na nimeona magari ya kasi yakisingiziwa mengi kwa sababu ya upepo tu.

Usukani wa haraka nao unachanganywa na usukani wa hisia. Alfa Romeo Giulia ina uwiano wa 11.8 kwa 1, yaani nyuzi 11.8 za usukani zinageuza tairi nyuzi 1, na hilo ni haraka mno kwa gari la milango minne. Inapendeza. Lakini uwiano unaeleza jinsi amri yako inavyofika kwenye matairi. Hisia ni majibu yanayorudi.

"Alaimenti ni ya kuzuia matairi yasiliwe upande"

Alaimenti, yaani kupanga pembe za matairi, ni ya hiyo, na ni zaidi ya hiyo. Kuna pembe inayoitwa kasta: mwinamo wa mhimili ambao tairi linazungukia linapogeuzwa na usukani, ukitazamwa kutoka ubavuni. Kasta ikiongezeka, tairi linafuata nyuma ya mhimili wake kama gurudumu la mbele la kigari cha dukani, na usukani unarudi katikati kwa nguvu zaidi. Madereva wengi wakionja kasta kubwa wanasema hisia imeongezeka. Kilichoongezeka hasa ni uzito wa kurudi katikati, na uzito huo haupungui matairi yanapokaribia kuachia. Ukizidisha, unaufunika ule mlegeo unaotokana na mpira. Kasta ya wastani, iliyo sawa kushoto na kulia, ina thamani kuliko kasta nyingi.

Bushi ni habari nyingine. Bushi, vile vipande vya mpira vinavyounga mikono ya chini inayoshika tairi na mwili wa gari, zikichoka, tairi linajisogeza lenyewe kabla usukani haujalisogeza, na katikati ya usukani panakuwa na ombwe. Bushi mpya za mpira, za kiwanda, zinarudisha mengi kuliko watu wanavyodhani. Mtu akikuambia uweke bushi ngumu za plastiki kila mahali, muulize kwanza sehemu hiyo inajongea vipi. Bushi ya mpira inajipinda bila msuguano. Ile ngumu inazunguka juu ya chuma, na isipopakwa grisi inakwamakwama. Unapata mngurumo mwingi ndani ya gari na ujumbe mchache mkononi.

Wapo pia wanaoshikilia kwamba gari linalovutwa na matairi ya mbele haliwezi kuwa na usukani safi, kwa kuwa nguvu ya injini inaunyang'anya. Kwa mengi ni kweli. Ila Renault Mégane RS na Honda Civic Type R ya 2017 zilitenganisha sehemu inayogeuza tairi na shokapu, ili mhimili wa kugeuza usogee karibu na katikati ya gurudumu. Nguvu ya injini ikakosa mkono mrefu wa kuvutia usukani.

"Gari lenye kasi zaidi ndilo linalomshirikisha dereva zaidi"

Saa inayopima mzunguko wa uwanja wa mbio haipimi ushiriki. Porsche GT3 ile ya 2013 ilikuja na gia za PDK peke yake, zisizo na klachi ya mguu, kwa sababu zinabadilishwa haraka kuliko mkono wowote. Mwaka 2016 Porsche wakatoa 911 R yenye gia za mkono, magari 991 tu, na wanunuzi wakayagombania. Mwaka 2017 GT3 ikarudishiwa klachi na gia za mkono kwa anayetaka. Walioichagua walijua kwamba inachelewa kidogo, na walitaka kazi ile ya mguu na mkono iwe yao.

Mwisho, kuna kiti. Watu wanatumia fedha nyingi kwenye magurudumu, huku wamekaa mbali na usukani, mikono imenyooka, mabega yamebeba uzito wa mikono. Misuli iliyokaza haisikii mtetemo mdogo. Sogeza kiti mpaka, mgongo ukiwa umegusa kiti chote, kifundo cha mkono kikae juu ya duara la usukani bila bega kunyanyuka. Viwiko vikunje kidogo. Shika saa tisa na saa tatu, kidole gumba kikiegemea tu. Kisha, mahali peupe pasipo na watu wala magari, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, kunja kona, legeza vidole bila kuachia kabisa, na usikilize usukani unavyorudi. Ukirudi laini hadi katikati, njia iko wazi. Ukisitasita, ukikwama, au ukirudi upande mmoja upesi kuliko mwingine, anza na beringi za shokapu, boljointi na alaimenti, na rimu ziache dukani kwanza.