Msumeno uliochakaa ndio natafuta mimi

Jumamosi moja niko Birere, hapa Goma, kwenye rundo la vyuma, katikati ya minyororo ya pikipiki na mapanga bila mipini, naona kipande cha mpini kimejitokeza. Kuvuta, msumeno! Kutu mwanzo mpaka mwisho, mpini umefungwa mpira wa baiskeli. Kijana anayeuza ananiambia, "Papa, hii dola tano, ni ya wazungu hii." Nikamwambia, "Mtoto yangu, mzungu alishaenda kwao, imebaki kutu." Tukamalizana elfu saba franka.

Pale ateliye walinicheka sana. Eti fundi mzima unanunua takataka wakati dukani mipya iko inang'aa. Bon, ile ya dukani nilishanunua, niliikatia mbao za nyumba moja huku juu ya lava, haikumaliza hata mwezi ikawa inasugua tu badala ya kukata. Angalia ncha za meno yake, utaona rangi kama bluu-nyeusi. Hapo chuma kimekomazwa kwa umeme, kigumu hadi tupa inateleza juu yake, kwa hiyo ikishakuwa butu haiwezi kunolewa, ni kutupa.

Wa zamani unanolewa, na kila ukinolewa unapungua upana kidogo. Ndiyo maana nikiona bapa limekuwa jembamba, hasa kuelekea nchani, nafurahi. Hakuna mtu anahangaika miaka yote hiyo na tupa kwa ajili ya msumeno mbaya. Lakini ukizidi wembamba unaanza kuyumba ndani ya mbao, huo muachie muuzaji.

Sasa namna ya kuangalia. Kwanza weka jicho kwenye mpini, tazama mstari wa meno mpaka mwisho kama mtu analenga bunduki. Ukiwa umepinda taratibu kama upinde si shida, unanyooka. Ila ukiona kunjo, pale mahali pamoja pamevunjika, acha, mimi nilishapiga nyundo siku mbili kwenye kunjo moja na bado linanizomea. Kisha pinda ncha, uachilie: chuma kizuri kinarudi chenyewe na ukikigonga kwa kidole kinalia muda. Kutu ya juu usiiogope, ogopa ile imechimba vishimo karibu na meno, maana jino likifika pale litavunjika. Hesabu pia meno kwa inchi moja: matano au sita ni wa kupasua mbao kwa urefu, manane hadi kumi ni wa kukata kwa upana.

Ule wangu nilimwagia mafuta ya taa, nikazungushia msasa kwenye kipande cha mbao bapa ili usichimbe, nikasugua polepole. Maji meusi yanatoka, yanatoka, halafu katikati ya bapa nikaona kitu kama mkia. Nikapunguza mkono. Samaki! Na ndoana yake! Kumbe ni alama ya Sandvik, kampuni ya Suède (Uswidi), hawa walianza kutengeneza misumeno mwaka 1886. Ningesugua kwa hasira ningefuta ile alama yote. (Wenye Peugeot wanadhani yule simba ni wa gari, kumbe alisajiliwa 1858 kwa ajili ya vyuma na misumeno, gari bado halijazaliwa.)

Lakini kilichonishika zaidi ni mpini. Nilipotoa ule mpira, nikakuta ubavuni, pale kidole cha shahada kinanyooka mbele, mbao imelika mpaka kumekuwa kama kijiko kidogo. Kijiko kiko upande wa kushoto. Huyo mzee alikuwa wa mkono wa kushoto! Mimi natumia wa kulia, kidole changu hakikai vizuri hata kidogo.

Meno nilinoa jioni nzima, tupa ya pembe tatu, nimebana bapa kati ya mbao mbili, jino moja naruka, lingine napiga, kisha nageuza. Jirani anayetengeneza chukudu, yale matoroli ya mbao ya magurudumu mawili, akaniomba ajaribu kwenye kipande cha mikaratusi. Akakata, akasimama, akakata tena. Akaniuliza nauza ngapi.

Mpini sijausugua. Nimerudisha tu mpira mwingine.