Mbinguni Hakuna Mizani ya Mariakani

Karibu kila mazishi ninayoongoza, iwe Changamwe au Likoni, kuna atakayeshika kipaza sauti na kusema marehemu alikuwa mkarimu, hakukosa harambee, basi mbinguni ameshafika. Mimi hunyamaza kwa heshima ya wafiwa. Hapa sinyamazi: huo si Ukristo. Kuna maneno manne ninayoyasikia kila mara kuhusu wokovu na matendo mema, nami nayajibu moja moja.

“Mema yakizidi mabaya, unaokoka.” Wengi wanadhani Mungu ana mizani kama ile ya kupimia malori pale Mariakani: lori likizidisha uzito linakwama, ukipunguza mzigo unapita. Mzee mmoja aliniletea daftari lake. Mabati ya kanisa, karo ya yatima wawili, jeneza la jirani, yote yameandikwa kwa tarehe na shilingi. “Mchungaji, hapa si pametosha?” Nikamuuliza, ukurasa wa dhambi uko wapi? Hakuwa nao. Hakuna aliye nao, ndiyo maana hesabu hii hutupendeza.

Paulo anasema katika Efeso 2:8-9 kwamba tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, mtu asije akajisifu. Watu hunijibu kwa Mathayo 25: nilikuwa na njaa, mkanipa chakula. Haya, msome sura yenyewe hadi mwisho! Wale wenye haki wanashangaa: Bwana, tulikuona lini? Walilisha wenye njaa bila kuweka daftari. Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri, naye alitoa nusu ya mali yake baada ya Yesu kumkubali na kuingia nyumbani kwake. Hakulipa kiingilio.

Sasa asitokee mtu akasema nimeharamisha sadaka. Ushauri wangu, na darasa la kipaimara wamechoka kuusikia, ni kwamba usiifunge Biblia kabla ya Efeso 2:10. Hapo tunaambiwa tuliumbwa katika Kristo tutende matendo mema. Mema hufuata wokovu. Hayaununui.

“Nimeokoka, maisha yangu hayamhusu mtu.” Yakobo 2:19: hata mashetani wanaamini na kutetemeka. Kama mshahara wa msichana wako wa kazi una miezi miwili hujaulipa, usinipigie haleluya.

“Paulo na Yakobo wanapingana.” Eti mmoja anasema imani, mwingine anasema matendo. Wote wawili wanamtaja Abrahamu, ila kila mmoja anamchukua penye wakati wake. Paulo yuko Mwanzo 15, Abrahamu anapohesabiwa haki, yaani anapokubaliwa na Mungu kuwa mwenye haki, kabla ya kutahiriwa na kabla Isaka hajazaliwa. Yakobo yuko Mwanzo 22, miaka mingi baadaye, Isaka akiwa juu ya madhabahu, imani ile ikionekana kwa macho. Paulo anamjibu anayetaka kumlipa Mungu. Yakobo anamjibu anayemwambia mwenye njaa “nenda kwa amani” na mkono mtupu.

“Wakatoliki wanafundisha kununua wokovu.” Hili tunaambizana sisi Waprotestanti, na ni kumsingizia jirani. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1547 ulimlaani yeyote asemaye mtu aweza kuhesabiwa haki kwa matendo yake bila neema ya Kristo. Mwaka 1999, huko Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, na Wamethodisti wakajiunga nalo mwaka 2006. Tofauti zimebaki, hasa juu ya stahili, yaani thawabu ya matendo mema, na toharani, yaani kutakaswa kwa roho baada ya kifo. Tubishane juu ya hizo.